Kanisa la Wharram Percy: kuingia bure, matope bure

Nianze na viatu. Vile nilivyovinunua kwenye duka moja, jina sitalitaja, muuzaji akiniapia kwamba hata mafuriko hayaviwezi, viliachama kabla sijafika nusu ya njia. Soli ya mguu wa kulia ilibanduka kwenye tope la Yorkshire, ikawa inaburuzika kama ulimi wa ng'ombe mwenye kiu. Mpwa wangu, aliyenipeleka kwa gari lake siku yake ya mapumziko, aliitazama soli, akanitazama mimi, akasema, "Shikamoo, Mjomba." Tangu azaliwe hajawahi kuniamkia mara mbili kwa siku moja.

Kwa hiyo anayetaka kwenda Wharram Percy, kijiji cha kale kilichohamwa kaskazini mwa Uingereza, ajue hili mapema: gari halifiki kanisani. Unaliegesha juu, kando ya barabara ya B1248, kusini kidogo ya kijiji cha Wharram-le-Street, halafu unateremka kwa miguu kilomita moja na ushei. Njia ina majani, ina mteremko, na ikinyesha ina utelezi wa sabuni. Huko chini hakuna kibanda cha tiketi, hakuna duka la vikombe vyenye picha, hakuna mgahawa. English Heritage, ndio wanaopatunza, wameweka mabango ya maelezo na kupaacha wazi mchana kutwa bila kiingilio. Chai tulibeba wenyewe kwenye chupa. Bila chai ile nadhani mpwa wangu angeniacha na kondoo.

Mimi ni fundi uashi. Miaka yangu mingi ya Leeds imeishia juu ya majukwaa, nikitengeneza kuta ambazo wengine walizijenga vibaya au walizijenga vizuri kisha wakazitelekeza. Wenzangu wakipata likizo huenda Blackpool kula chipsi na kutazama bahari. Mimi niliomba nipelekwe kutazama ukuta. Mke wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Ukimaliza kuteremka, kitu cha kwanza unachokutana nacho ni nyumba moja ndefu ya vibarua wa shamba, ya karne ya 19, haina mtu. Nyuma yake ndipo kanisa la Mtakatifu Martin lilipo, peke yake bondeni, halina paa. Mnara wake umebaki nusu, kama nazi iliyopasuliwa kisha kifuu kimoja kikachukuliwa. Upande wa magharibi ulianguka Desemba 1959. Ibada za kawaida zilikoma 1949. Hesabu mwenyewe: kanisa lenye sehemu zilizosimama tangu karne ya 12, lilivuka tauni, likavuka vita vya wafalme, likavuka mapadri wa Roma na makasisi wa Kiingereza, halafu miaka 10 ya kukosa mtu wa kupanda juu na kuzibua mifereji ikatosha kuuangusha mnara.

Nilimweleza mpwa wangu kwa nini, naye alisikiliza kwa adabu ya mtu anayehesabu dakika. Ukuta wa zamani wa namna hii si jiwe zima toka nje hadi ndani. Ni kuta mbili nyembamba za mawe yaliyochongwa, moja inatazama nje na nyingine ndani, na katikati wamejaza kokoto, vipande vya mawe na chokaa. Kama sambusa, uzuri uko nje, ndani kuna mabaki ya jikoni. Maadamu paa lipo, kitu hicho kinakaa hata miaka 1,000. Paa likianza kuvuja, maji yanaingia tumboni mwa ukuta, baridi inayagandisha, yanavimba, yanasukuma. Kila majira ya baridi kidogo. Ngozi ya nje inaachana na nyama. Halafu usiku mmoja wa upepo mkali unaikuta kazi imeshamalizika, wenyewe unakuja kuchukua sifa.

Pale mnara ulipokatika unaweza kuyaona yote hayo bila mtu kukueleza. Nilisimama chini yake muda mrefu. Makali ya ukuta uliopasuka yanaonyesha ngozi, nyama, ngozi. Wanafunzi wa ujenzi wangepaswa kuletwa hapa kwa basi. Mchoro wa kitabuni nimeshauona mara nyingi, lakini mchoro haukuogopeshi. Hapa unainua macho, unaona tani ngapi za mawe zilikuwa zimekaa juu ya kokoto na imani, na unasogea nyuma hatua mbili bila kuambiwa.

Pale walipotengeneza ili mabaki yasizidi kudondoka, viungo vimefuatwa kwa uangalifu, na nimewapa heshima yao. Msimamizi mmoja niliyewahi kufanya kazi chini yake alitulazimisha kupaka saruji kwenye ukuta wa chokaa wa karne ya 18. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, haipumui. Maji yakikosa pa kutokea hutokea kwenye jiwe, na jiwe ndilo linalokwisha. Nilisema. Nikaambiwa nimelipwa kupaka, si kusema.

Sasa ukuta wenyewe nilioufuata. Uko upande wa kusini, na kama una dakika 10 tu, zimalizie hapo.

Kwa mbali ni ukuta mzee wenye madirisha. Ukikaribia unaona kwamba kila dirisha limekaa ndani ya kitu kikubwa zaidi. Kuna tao, limechongwa vizuri, mawe yake yamepangwa kwa kuegemeana jinsi tao linavyotakiwa, na chini ya tao hilo pamezibwa kwa mawe ya namna nyingine, yasiyo na mpangilio wa wale wa mwanzo. Ndani ya ziba hiyo ndimo dirisha lilimo. Nilipitisha kidole kwenye mstari ambapo tao linakutana na ziba. Unaingia ukucha mzima. Waashi wa kwanza na waashi wa pili hawakujuana. Walipishana kwa mamia ya miaka, na mstari ule ndiyo salamu yao.

Maana yake ni hii. Zamani ukuta huu haukuwa ukuta. Ulikuwa safu ya matao wazi, na nje yake, hapa nilipokuwa nimesimama na soli yangu mkononi, palikuwa ndani ya kanisa. Kanisa lilikuwa na ubavu wa ziada upande huu, wenye paa lake, wenye watu. Wataalamu wana majina yao kwa sehemu hizi. Mimi nitaziita mbavu.

Wanaakiolojia walifukua kanisa lote, ndani na nje, miaka ya 1960 na 1970, kwa hiyo historia yake inajulikana kuliko ya makanisa mengi yenye waumini mpaka leo. Chini kabisa walikuta mashimo ya nguzo wanayoyasoma kuwa ya kanisa dogo la mbao la karne ya 10. Likaja dogo la mawe. Karne ya 12 likajengwa kubwa. Kabla karne hiyo haijaisha watu walikuwa hawatoshi tena, wakatoboa ukuta wa kusini na kuongeza ubavu. Baadaye wakafanya vivyo hivyo kaskazini. Kijiji kilikuwa kinazaa, mashamba yalikuwa yanalimwa hadi kwenye miinuko, na kanisa likawa linafungua mkanda, tundu moja, tundu la pili, kama mtu anayekula vizuri.

Kisha likaanza kukaza mkanda. Karne ya 15 na 16 mbavu zilibomolewa, moja baada ya nyingine, na matao yakazibwa. Na hapa ndipo nilipowapenda wale mafundi wa pili, pamoja na mawe yao yaliyopangwa ovyo: madirisha ya ubavu uliobomolewa hawakuyatupa. Waliyachomoa, wakayapachika ndani ya ziba. Hakuna pesa ya dirisha jipya, watu wamepungua, mwanga unahitajika, basi leta lile la zamani. Nimefanya kazi ya aina hiyo mara nyingi, najua hata mazungumzo yake yalivyokuwa. Karne ya 17 nayo sehemu ya madhabahu ikajengwa upya, fupi kuliko ya mwanzo.

"Kwa hiyo," mpwa wangu akasema, "kanisa lilikuwa linahama nyumba ya vyumba vinne kwenda ya vyumba viwili, ila halihami."

Nilimwambia hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya maana aliyoitoa tangu asubuhi.

Watu walikwenda wapi? Wengi hudhani tauni ya 1348 na 1349 ndiyo iliyokifagia kijiji. Iliwapiga, ndiyo, na vijiji vingi vya Uingereza havikurudi kuwa kama vilivyokuwa. Lakini Wharram Percy kiliendelea kuishi karne moja na nusu baada ya tauni. Kilichokimaliza ni kondoo. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa Percy, ambao jina lao limeng'ang'ania hapa mpaka leo, kisha ikaenda kwa ukoo wa Hilton. Mlimaji anahitaji majembe, ng'ombe wa kuvuta, vibarua, na kila mmoja wao anakula. Kondoo anahitaji mchungaji mmoja na mbwa, na sufu inalipa. Karibu na mwaka 1500 familia nne za mwisho ziliondolewa, nyumba zao zikaachwa zianguke, na mashamba yakawa malisho. Si hapa peke yake; vijiji vya zama hizo vilivyohamwa nchini Uingereza vinavyojulikana ni kama 3,000. Hiki ndicho kilichochunguzwa kuliko vyote.

Sasa swali lililonisumbua njia nzima ya kurudi. Kama kijiji kilikwisha 1500, nani alikuwa anasali hapa mpaka 1949?

Jibu liko kwenye neno parokia. Kanisa halikuwa la kijiji kimoja. Parokia yake ilikuwa na vitongoji vingine, kama Thixendale, Raisthorpe, Burdale na Towthorpe, na huko watu walibaki. Jumapili walitembea kuvuka vilima kuja kusali kwenye bonde lisilo na nyumba, kanisa likiwa katikati ya kondoo. Walibeba watoto kuja kubatizwa. Walibeba maiti. Kwenye uwanja wa makaburi bado kuna mawe yenye maandishi ya watu hao wa baadaye, mengine yameinama kama wazee wanaonong'onezana. Fikiria kubeba jeneza kutoka Thixendale, kupanda na kushuka, upepo ukitoka bahari ya kaskazini, kwa karne nne. Nilifika kwa gari lenye kiti cha joto, nikalalamikia soli.

Mwaka 1870 Thixendale wakapata kanisa lao. Hapo hesabu ya hili la bondeni ikawa imeshafungwa, ila ilichukua miaka mingine 79 mtu kuisoma kwa sauti. Hata reli ilipita bonde hili: treni ya kati ya Malton na Driffield ilianza 1853, ikaacha kubeba abiria 1950, mwaka mmoja tu baada ya kanisa kunyamaza, na 1958 ikafungwa moja kwa moja. Mwaka uliofuata mnara ukaanguka. Sisemi kimoja kilisababisha kingine.

Tulinywa chai tukiwa tumejikinga upepo nyuma ya ukuta wa kaskazini. Upepo wa huku uningoje niuseme vizuri: hauvumi, unapekua. Unaingia mfukoni, unaangalia una nini, unatoka. Ilikuwa mwanzo wa Machi na jua lilikuwepo, lakini lilikuwa jua la maonyesho.

Sehemu ya pili ya ziara, kijiji chenyewe, iko juu ya kilima upande wa magharibi, na hapa nikuonye: ukitarajia kuona nyumba utakasirika. Utaona majani. Lakini majani yana mawimbi. Kuna mabonde marefu yaliyokuwa njia, kuna matuta ya mraba yaliyokuwa viwanja vya watu, safu nzima, nyumba mbele na kiwanja cha nyuma. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, vivuli vinachora ramani. Saa sita mchana huoni kitu. Sisi tulifika saa tisa alasiri na tukawa na bahati; ilipokaribia saa kumi na moja kijiji kizima kilikuwa kimejichora.

Mtu aliyewafanya Waingereza wayaamini mawimbi haya ni Maurice Beresford, mtaalamu wa historia ya uchumi. Si mwanaakiolojia. Alipofika hapa 1948 wasomi wengi hawakuamini kwamba vijiji vingi hivyo viliwahi kupotea. Mwaka 1950 akaanza kuchimba kwa majembe na watu wa kujitolea, kufuata kuta. Baada ya hapo akajiunga naye John Hurst, huyu ndiye mwanaakiolojia, na wakachukua njia iliyokuwa ikitumika Denmark: badala ya kuchimba mfereji mwembamba, unafungua eneo pana lote, unaondoa tabaka moja moja. Walirudi kila majira ya joto mpaka 1990. Miaka 40, shamba hilohilo. Kambi yao ilikuwa ile nyumba ndefu ya vibarua. Nimewahi kukaa kwenye kazi moja miezi 14 nikaona nimezeeka hapo.

Kuna jambo moja la ufundi kwenye uchimbaji wao ambalo lilinifurahisha kuliko yote, na watembeleaji wengi watalipita. Mwanzoni Hurst, akiona jinsi kuta za nyumba za wakulima zilivyojengwa upya mara kwa mara, alidhani zilikuwa vibanda hafifu vya kizazi kimoja. Miaka ya 1980 Stuart Wrathmell akasema hapana. Paa halikuwa limekaa juu ya kuta. Lilibebwa na jozi za miti mikubwa iliyopinda, inayoanzia chini na kukutana juu. Ukuta ulikuwa pazia tu. Ukichoka, unaubomoa na kuujenga mwingine, na paa hata halijui. Yaani yule mkulima aliyedharauliwa miaka 30 kwenye vitabu kwa kuishi kibandani alikuwa na nyumba ya akili. Ningependa sana kuwepo siku hoja hiyo ilipotolewa.

Sasa mifupa, maana najua kuna wasomaji wanaingojea. Kanisani na kwenye uwanja wake walifukua mifupa ya watu karibu 700. Si wafalme wala maaskofu, ni wakulima, na ndiyo maana ina thamani. Kwa kupima mifupa ya watoto wachanga na wakubwa kidogo wameweza kujua kwamba akina mama wa hapa walinyonyesha mpaka mtoto afike mwaka mmoja na nusu hivi. Mtoto wa miaka 10 wa Wharram Percy alikuwa mfupi kwa karibu sentimita 20 kuliko wa miaka 10 wa leo. Kuna fuvu la mwanamume wa karne ya 10 au ya 11 aliyepigwa kichwani na kitu kizito, fuvu likabonyea, na mtu fulani katika kijiji hiki akalitoboa kwa ustadi kuondoa vipande vilivyoingia ndani. Mfupa unaonyesha alipona. Nani alifanya upasuaji huo, hakuna karatasi. Hakuwa daktari wa mfalme, hilo nina uhakika.

Na kuna mifupa mingine, ambayo haikuwa kanisani. Ilikuwa kwenye mashimo kati ya nyumba za kijiji. Vipande 137 vya watu wasiopungua 10, waliokufa kati ya karne ya 11 na ya 14, wanaume kwa wanawake, watu wazima na watoto. Ina alama za visu, hasa kuzunguka kichwa na shingo, na mingine imeungua. Utafiti uliotolewa 2017 ulijiuliza: ni njaa, watu walikula watu? Kama ni hivyo alama zingekuwa zaidi kwenye viungo na penye nyama. Ni wageni waliochukiwa? Meno yanaonyesha walikulia maeneo haya haya. Maelezo yaliyobaki na nguvu zaidi ni kwamba wanakijiji waliwaogopa wafu wao. Waliamini baadhi ya maiti huinuka kaburini na kutembea usiku, na dawa yake ilikuwa kuikata na kuichoma. Hadithi za aina hiyo ziliandikwa Yorkshire hapa hapa karne ya 12, na mtawa aliyeitwa William wa Newburgh.

Nilimsomea mpwa wangu hayo kwenye simu, tumesimama juu ya matuta, jua linazama.

"Mjomba, ungeniambia haya tukiwa kwenye gari."

Tukashuka kwa mwendo mwingine kabisa. Nilipoteza pumzi na kipande cha soli.

Chini, karibu na kanisa, kuna bwawa dogo, na maji yake siku ile yalikuwa yametulia kuliko tulivyokuwa sisi. Ukigeuka kutoka ukingo wake unaliona kanisa kwa namna wapiga picha wanavyolipenda, mnara uliopasuka umetangulia. Pazuri, sibishi. Wengi wataridhika na picha hiyo na kurudi. Ila picha ile inakuonyesha anguko peke yake, na anguko lilikuwa jambo la usiku mmoja. Kupungua kulichukua miaka 300, na kuko ubavuni, kwenye zile ziba.

Nani asiende? Mwenye magoti mabovu, maana kurudi ni kupanda. Mwenye mtoto wa kigari cha kusukuma. Mtu anayeogopa ng'ombe, kwa kuwa wanalishwa humo na wanakuja kukusalimia wote kwa pamoja. Pia yule anayetaka kanisa lenye vioo vya rangi na mishumaa. York haiko mbali, huko atapata vyote na foleni juu yake. Aendaye avae mabuti ya mpira, abebe chai na kitu cha kutafuna, apange kufika alasiri, na aanze na ukuta wa kusini kabla vidole havijafa ganzi.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa ajili ya upepo, na najua si haki.

Viatu nilivirudisha dukani Jumatatu. Muuzaji akaigeuza soli, akakwaruza tope kwa kucha, akaniuliza nilikuwa nimekwenda wapi navyo. Nikamwambia, kanisani.